Naomba ushauri: draiva ya Linux yenye maneno mawili yanayogongana

Wakubwa, habari za kazi. Niko Goma, tunafunga vifaa vya kupima umeme wa sola, na ndani yake kuna kompyuta ndogo ya Linux. Mtengenezaji wa kadi ya modemu ametutumia msimbo chanzo (maandishi ya programu kama yalivyoandikwa) wa draiva, yaani programu inayoiwezesha Linux kuitumia kadi hiyo. Juu kabisa ya faili pameandikwa kwamba ni siri, usisambazwe. Ukishuka hadi mwisho wa faili hilohilo unakuta MODULE_LICENSE("GPL"), yaani mstari unaotangaza kwamba draiva iko chini ya GPL, leseni ya programu huria inayoruhusu msimbo kusambazwa. Tushike lipi?

Ninavyoelewa, kerneli ya Linux (kiini cha mfumo wenyewe) iko chini ya GPL toleo la 2. Ukimpa mteja programu iliyokwisha kujengwa (kugeuzwa iwe tayari kuendeshwa na kompyuta), unampa na msimbo wake, au ahadi ya maandishi ya kumpa, inayodumu angalau miaka 3. Tena draiva hii inaita vitendakazi (vipande vya msimbo vya kerneli) ambavyo kerneli imeviachia moduli za GPL tu, yaani programu za kuchomekwa kwenye kerneli zilizo chini ya leseni hiyo. Nikiuficha msimbo naona navunja leseni. Nikiutoa, mtengenezaji anaweza kunishtaki. Nimemwandikia, anajibu habari za bei tu.

Aliyepitia haya anisaidie. Nimdai kwanza tamko la maandishi, au niachane na kadi hiyo nitafute yenye draiva ndani ya kerneli rasmi? Na je, aliyekwisha kusoma msimbo huo wa siri anaweza kuandika draiva mpya bila matatizo? Hilo ndilo linanisumbua zaidi, kwa sababu nataka fundi wa Butembo au Bukavu aweze kutengeneza kifaa mwenyewe bila kutungoja sisi.