"Mazabodi imekufa": mafundi, acheni kuzika laptopu zetu kabla hamjashika mita

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu nimeuandika kwa hasira na sitauombea radhi. Mazabodi ni ile bodi kuu ya ndani ya laptopu (motherboard).

Mtu anapeleka laptopu isiyowaka. Tuseme ThinkPad T430 au EliteBook 8470p, mashine za mwaka 2012 zilizojaa huku kwetu kwa sababu zinaingia used kutoka Ulaya na Dubai. Fundi anachomeka chaja, anabonyeza kitufe mara mbili, anatikisa kichwa: "Mazabodi imekufa hiyo, niachie nikupe hela ya spea." Dakika tatu zimetosha! Hajafungua skrubu hata moja, hajapima hata volti moja. Mwenye mashine anaondoka na noti chache, na kazi zake zote za miaka zinabaki kwenye diski mikononi mwa mtu mwingine. Hii tabia inaudhi, na inaendelea kwa sababu wateja hatujui cha kuuliza.

"Haiwaki" ni neno la mteja. Fundi anatakiwa aulize haiwaki vipi. Kuna ile isiyotoa taa wala sauti. Kuna inayowasha taa na kuzungusha feni huku kioo kikibaki cheusi. Kuna inayowaka sekunde mbili ikazima. Kuna inayoonyesha nembo ikaganda hapo. Hizi ni njia nne tofauti kabisa, na asiyekuuliza uko kwenye ipi anabahatisha.

Tuanze na iliyo kimya kabisa, maana ndiyo inayosingiziwa kifo kuliko zote.

Chaja kwanza. Weka mita ya kupimia umeme (multimeter) kwenye volti za DC, pima ncha ya chaja. Ya T430 inatakiwa itoe volti 20. Za Dell Latitude na HP za ncha ya mviringo ni kati ya 18.5 na 19.5, soma kibandiko chake. Ile pini nyembamba ya katikati kwenye Dell na HP haibebi umeme wa kuendesha mashine, kazi yake ni kuitambulisha chaja. Kwenye Dell pini hiyo ikivunjika, laptopu itawaka lakini betri haitachaji na prosesa itapunguzwa kasi, halafu utaambiwa betri imekufa na bodi nayo ni mbovu. Chaja feki nayo ina ujanja wake: ukiipima ikiwa peke yake inatoa volti kamili, ikibebeshwa mzigo inaanguka. Kwa hiyo jaribu na chaja nyingine unayoiamini, yenye volti zilezile na ampia sawa au zaidi. Ampia zikizidi hakuna madhara, laptopu inavuta inachohitaji tu. Kinachoua ni volti zisizo zake.

Baada ya hapo toa betri, chomoa chaja, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30. Kwa ThinkPad za zamani bonyeza kwanza mara 10, kila mara ukiacha sekunde moja, ndipo ushikilie hizo 30. T440 ina betri nyingine ndani, kwa hiyo tafuta kitundu kidogo chini ya mashine, ingiza kipini cha karatasi taratibu. Kisha chomeka chaja peke yake, bila betri, uwashe. Huu si uchawi. Kuna chipu ndogo inayosimamia kitufe, chaji na feni. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo inaweza kuganda, na haiachii mpaka chaji iliyobaki kwenye bodi iishe. Kazi ya dakika moja ambayo wengi hawaifanyi.

Ikikataa, ndipo fundi afungue. Soketi ya chaja kwenye nyingi za kizazi hicho, T430 na Latitude E6430 zikiwemo, ni kipande chenye waya kinachochomekwa kwenye bodi. Kinabadilishwa bila kuchoma risasi. Pima kama volti za chaja zinafika upande wa bodi. Zikifika, fuata mbele: kabla hata hujabonyeza kitufe, volti 3.3 na volti 5 za kusubiri zinatakiwa ziwepo. Zisipokuwepo, chomoa kila kitu, peleka mita kwenye omu, pima njia kuu ya umeme dhidi ya ardhi (upande hasi wa bodi). Karibu na sifuri hapo ni shoti.

Lakini sikilizeni vizuri. Koili zinazolisha prosesa huonyesha omu chache sana hata kwenye bodi nzima kabisa, na zinaweza kushuka chini ya omu moja. Ni hali yake ya kawaida. Bodi nzuri zimetupwa kwa sababu fundi alipima pale akasikia mita inalia "piii", akatangaza msiba.

Shoti ya kweli kwenye njia kuu mara nyingi ni kapasita moja ya seramiki, kitu kidogo kuliko punje ya mchele. Unaitafuta hivi: pawa saplai ya mezani kwenye volti 1, mkondo umeuwekea kikomo, unalisha njia yenye shoti. Unamwagia bodi spiriti nyepesi, ile aisopropili, ieneze utando mwembamba, halafu unaangalia. Sehemu moja itaanza kukauka kabla ya nyingine zote, duara dogo linalopanuka kuzunguka kapasita moja. Hiyohiyo. Itoe, pima tena. Zinafungwa nyingi sambamba, kwa hiyo mara nyingi bodi inafanya kazi hata kabla hujaweka mpya. Hicho ndicho kinachoitwa "mazabodi imekufa" mitaani kwetu.

Sasa ile yenye taa na feni lakini kioo cheusi. Hapa mshukiwa wa kwanza ni ramu. Toa zote, sugua meno ya dhahabu kwa raba ya penseli, futa kwa spiriti, rudisha moja, jaribu kila nafasi, kisha badilisha na nyingine. Na wauzaji, hili ni lenu: mashine za Intel kizazi cha 4, kama EliteBook 840 G1, Latitude E6440 na T440, zinataka ramu ya DDR3L ya volti 1.35. Kwenye kibandiko imeandikwa PC3L. Mnawauzia watu PC3 ya volti 1.5, inaingia vizuri tu kwa sababu umbo na pini 204 ni zilezile, mashine inakataa kuwaka, halafu lawama inaenda kwa bodi. Someni kibandiko jamani, herufi moja tu hiyo!

HP za miaka ile zinakuambia zenyewe. Hesabu taa ya Caps Lock inapepesa mara ngapi: 1 prosesa, 2 BIOS (programu ya kuamshia mashine), 3 ramu, 4 grafiki, 5 bodi. Mara 2 maana yake chaguo lipo: shikilia kitufe cha Windows pamoja na B, bonyeza kuwasha, endelea kushikilia, mashine itajaribu kujirudishia BIOS. Kwa Dell Latitude shikilia D ukiwasha. Kioo kikipitisha rangi moja baada ya nyingine, basi kioo ni kizima. Halafu mulika tochi kwa pembeni, au chomeka monita ya nje. Picha hafifu chini ya tochi inamaanisha taa ya nyuma ya kioo ndiyo imekwenda, bodi haijafa.

Na hapa ndipo napandwa na hasira zaidi: kuchoma chipu ya grafiki kwa hewa ya moto. Chipu za Nvidia za miaka ya 2007 na 2008, zile za kwenye HP Pavilion dv6000 na dv9000, zilikuwa na kasoro ya kutengenezwa. Julai 2008 Nvidia yenyewe ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili hiyo. MacBook Pro za 2011 zenye grafiki za AMD nazo Apple ilizifungulia mpango wa matengenezo ya bure Februari 2015. Kasoro ya hizo za Nvidia iko ndani, kati ya kipande cha silikoni na kitako chake. Ukiichoma inafufuka siku au wiki kadhaa kisha inarudi kaburini. Fundi anayekuchoma hela kwa kazi hiyo bila kukuambia hivyo anakuibia. Mwambie ukweli mteja, achague mwenyewe.

Inayowaka na kuzima haraka: angalia feni na pesti ya prosesa, ile inayopeleka joto kwenye kipoozeo. ThinkPad itaandika "Fan error" kabla haijazima. Ikiandika 0271, ni tarehe imepotea. Betri ndogo ya saa kwenye bodi, CR2032, ikipimwa chini ya volti 2.5, badilisha tu.

Iliyoganda kwenye nembo, toa diski, washa. Ikiingia BIOS bila shida, bodi huenda ni nzima. Na usikubali mtu "akupigie Windows", yaani aisakinishe upya, kabla hajanakili mafaili yako kwenye diski nyingine, maana diski inayokufa haisubiri.

Kwa hiyo mafundi mliomo humu, kabla hujatamka neno mazabodi, mwandikie mteja kwenye karatasi: volti zinazofika kwenye bodi, 3.3 na 5 kama zipo, na omu za njia kuu. Huna namba, huna hukumu. Na wenye mashine zilizozikwa hivi, wekeni hapa modeli, kilichoandikwa kwenye chaja, taa gani inawaka na inapepesa mara ngapi. Msiuze spea kwanza. Tupitie moja moja.