Naomba ushauri: Canter ya 1994 imelala shambani Karen, niichukue au niiache?

mkulima_ruai

Wakuu hamjambo. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela.

Nina shamba dogo hapa Ruai, ng'ombe wachache wa maziwa na sehemu ya sukuma na spinachi. Kila wiki nakodi pikapu kuleta nyasi kavu na kupeleka mboga soko la Marikiti, na hela ya kukodi inamaliza faida. Sasa nimeonyeshwa Canter, lori dogo la Mitsubishi, iliyoegeshwa Karen, kwenye shamba la zamani, nyuma ya zizi lisilotumika tena. Logbuku, yaani hati ya usajili wa gari, inasema ni ya 1994. Injini ni 4D32, bodi ya mbao. Mlinzi anasema imesimama hapo miaka mingi, tangu mzee mwenye shamba alipougua. Mzee alishafariki. Anayeuza ni mwanawe, na logbuku bado iko kwa jina la baba.

Nilichoona: tairi zote zimelala, moja imepasuka ubavuni. Nyasi zimefika kwenye bampa. Panya wamezaliana chini ya kiti na wametafuna waya. Kutu iko chini ya milango, lakini sakafu ya kabini haijatoboka. Nilichomoa kijiti cha oili: nyeusi, nzito, haijageuka rangi ya chai ya maziwa, kwa hiyo nadhani maji hayajaingia. Betri hakuna. Anataka 380,000.

Fundi wangu wa mtaani anasema tuende na betri na dizeli mpya, tupige stata palepale, ikiwaka tulipe tuondoke nayo. Mnaonaje? Gari hili lilifanya kazi shamba zima na sasa linaozea kwenye nyasi, na mimi nataka kulirudisha kazini. Lakini hela niliyo nayo ni ya akiba, sina nyingine.

fundi_kariobangi

Ndugu, mzuie huyo fundi. Injini ya dizeli iliyolala miaka haipigwi stata kwa pupa. Ringi za pistoni hushikana na silinda kwa kutu. Ukilazimisha na stata ikiwa kavu, unavunja ringi au unakwaruza silinda, na umeua injini ambayo pengine ilikuwa nzima.

Mimi hutoa nozo zote nne (zile zinazonyunyiza dizeli kwenye silinda), nikamimina kwenye kila silinda oili nyepesi iliyochanganywa na dizeli, nikaacha usiku kucha au zaidi. Kisha naweka spana ya boksi kwenye nati ya puli ya krenki na kuzungusha kwa mkono, polepole, upande ule ule injini inaozungukia. Ikikamilisha mizunguko miwili bila kukwama, mkono umenieleza mambo ambayo stata haielezi. Ikikwama, usiongeze bomba kwenye spana ili upate nguvu. Rudia oili, ngoja. Mwenye gari akikataa usitoe nozo kabla ya kulipa, angalau akubali uizungushe kwa mkono. Akikataa hata hilo, mpe bei ya injini iliyokufa.

Dizeli ya zamani usiiguse. Fungua nati chini ya tangi umwage yote. Utakuta utelezi mweusi, maana dizeli ikikaa na maji huota vijidudu. Osha tangi, weka filta mpya, kisha utoe hewa: legeza skrubu juu ya filta na upampu kwa mkono hadi dizeli itoke bila povu.

Jambo moja wengi hawalijui, na ni la hatari. Ndani ya pampu ya dizeli kuna fimbo inayopima kiasi kinachokwenda kwenye nozo. Gari likisimama miaka, fimbo hiyo huweza kuganda ikiwa wazi. Siku ya kuwasha, injini inashika na kupanda kasi yenyewe, unazima swichi na haizimi, na ndani ya muda mfupi inajivunja. Kwa hiyo toa bomba la hewa, weka mtu pale ameshika ubao mnene wa kuziba mdomo wa kuingizia hewa. Ubao, si kiganja wala gunia, maana vitu hivyo vinavutwa ndani.

Uzuri wa 4D32 ni kwamba taimingi yake ni gia, hakuna mkanda wa kuoza, na pampu ni ya chuma tupu, haina kompyuta. Nozo na pampu zinapimwa hapa hapa Nairobi na spea zake zimejaa Kirinyaga Road. Injini isikunyime usingizi.

jirani_wa_utawala

Kaka, mimi kwa maoni yangu achana nayo. Chukua mkopo wa chama ununue iliyotoka Japani. Gari la miaka thelathini utalihudumia kuliko ng'ombe wako.

fundi_kariobangi

@jirani_wa_utawala, gari linaloingizwa Kenya halitakiwi kuzidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hiyo Canter inayotoka Japani leo ni ya kisasa, injini ya kompyuta, na bei yake ni mara kadhaa ya hii. Kwa mtu anayetoka Ruai kwenda mjini na kurudi, sioni haja ya deni hilo.

karani_milimani

Ndugu mkulima, wenzangu wamezungumzia injini. Mimi nafanya kazi kwenye ofisi ya wakili, na kilichonishtua ni sentensi yako moja: logbuku ina jina la marehemu.

Mwana si mwenye mali kwa sababu tu ni mwana. Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, kifungu cha 45, inakataza mtu yeyote kushika au kuuza mali ya marehemu bila mamlaka ya mahakama. Ni kosa: faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mwenye uwezo wa kukuuzia ni yule aliyepewa hati ya usimamizi wa mali, na kama ni wawili, wote wawili watie sahihi. Muombe akuonyeshe hati hiyo, na cheti cha kuithibitisha kama kimeshatoka. Soma orodha ya mali uone kama lori limo. Familia nyingi huandika shamba na akaunti za benki, gari bovu linasahaulika. Kama halimo, warudi mahakamani waliongeze kabla hujatoa senti.

Usikubali ile ya "tuandikiane tu mkataba, kubadilisha jina tutafanya baadaye." Sheria ya Barabarani, Sura ya 403, inakupa siku 14 baada ya kuuziwa. Zikipita, gari haliruhusiwi barabarani hadi jina libadilike, na kifungu cha 8 kinasema aliyeandikwa kwenye usajili ndiye anayehesabiwa mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo. Binti wa marehemu akijitokeza mwaka ujao akasema hakukubali, wewe umeshamwaga hela kwenye injini ya watu.

Pia ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, upande wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, uombe rekodi za gari hilo kwa namba yake. Utaona jina, namba ya chasisi na ya injini. Na tangu sheria ya 2017 ya dhamana za mali zinazohamishika, kuna rejista ya kuangalia kama gari limewekwa dhamana ya mkopo. Mzee huenda alikopea.

mama_samadi

Mwanangu, mimi nabeba samadi kutoka Kajiado hadi Kamulu kwa Canter kama hiyo, na nimeona zinavyokufa. Hazifi injini. Zinakufa chasisi.

Gari la shamba la ng'ombe limebeba samadi mbichi, limebeba mbolea ya dukani iliyomwagika, na vyote hivyo vinakula chuma. Unyevu unakaa pale mbao za bodi zinapolalia chasisi, mahali ambapo maji ya kuoshea hayafiki. Kwa juu utaona kutu ya kawaida tu.

Lala chini na tochi na nyundo ndogo. Gonga chasisi kuanzia nyuma ya kabini hadi mwisho, pande zote mbili, juu na chini. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu sauti butu, na magamba yanakuangukia usoni, kwa hiyo vaa miwani. Kaa zaidi pale springi za nyuma zinaposhikiliwa, kwa sababu uzito wote unatua hapo. Tafuta nyufa zinazoanzia kwenye matundu ya riveti. Na ukikuta sehemu ina rangi mpya nyeusi wakati gari zima limechakaa, kwangua uone imeficha nini.

Angalia pia namba ya chasisi, mara nyingi imepigwa kwenye chuma upande wa kulia karibu na gurudumu la mbele. Ilingane na logbuku, herufi kwa herufi. Ikionekana kuna mahali pamesagwa, ondoka.

Na hesabu ya biashara, Canter hailipi ikirudi tupu. Ukipeleka mboga mjini, tafuta cha kurudi nacho.

mkulima_ruai

Asanteni sana. Sikutarajia kupata watu wanaolijua gari hili hivi. Nimerudi Karen na nyundo ya Mama Samadi, na haya ndiyo majibu.

Injini inazunguka kwa mkono. Mwanzoni ilikuwa nzito, kisha ikaachia, na mizunguko miwili imepita bila kukwama. Nozo kijana hakuruhusu zitolewe.

Namba ya chasisi ililingana baada ya kusuguliwa kwa brashi ya waya. Chasisi upande wa kulia inalia safi yote. Kushoto, pale springi ya nyuma inaposhikiliwa kwa mbele, kuna kiraka cha bamba kilichochomelewa zamani, urefu kama shubiri mbili, na pembeni yake ufa mwembamba unaoshuka. Nimeingiza ukucha ukaingia. Sehemu nyingine ya upande huo iko sawa.

Kuhusu mirathi: kijana ni muungwana, alinionyesha karatasi bila kukasirika. Hati ya usimamizi ipo, majina mawili, yeye na dada yake anayeishi Nakuru. Uthibitisho bado uko mahakamani. Lori limo kwenye orodha. Nimeongea na dada kwa simu, hana kinyongo, ila hakuwa ameambiwa bei.

Nimwambie nini kuhusu bei? Na huo ufa unatibika?

karani_milimani

Vizuri sana. Mkataba uandikwe na wote wawili, wakili ashuhudie, na hela ziingie kwenye akaunti ya mirathi kama wameifungua. Toa amana kidogo, nyingine utoe siku ya kubadilisha jina. Wasimamizi wanaruhusiwa kuuza kitu kinachohamishika kabla ya uthibitisho, shamba ndilo haliuzwi. Lakini kwa hali yako, kama cheti kinakaribia kutoka, kisubiri. Hiyo Canter imengoja miaka, itangoja na miezi michache.

fundi_kariobangi

Ufa unatibika, lakini si kwa kuongeza kiraka juu ya kiraka. Wanatoa bamba la zamani, wanatoboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee, wanachomelea, kisha wanaweka bamba la ndani lenye umbo la chasisi, na ncha zake zikatwe mshazari. Ncha iliyonyooka huhamishia nguvu zote mahali pamoja, na ufa mpya unaanzia hapo. Bodi lazima inyanyuliwe, na ukiinyanyua ndipo utaona ukweli wa chasisi juu, kwa hiyo weka hela ya pembeni. Kabla ya kuchomelea, waya za betri zitolewe.

Sasa gharama nyingine, kwa mpangilio ambao mimi ningeufuata. Breki kwanza, kabla ya injini. Silinda za magurudumu zimeshaganda, usizipake sandipepa, nunua mpya zote pamoja na mabomba ya mpira, na umwage mafuta ya breki yote, maana hunyonya unyevu. Pampu ya vakyumu, inayolainisha pedali ya breki, iko nyuma ya altaneta: ikiwa imechoka, pedali inakuwa ngumu kama ukuta. Kisha tairi. Zote sita na ya akiba, za 750-16. Usishawishike na tairi za zamani zenye kashata (meno ya tairi) nzuri. Soma tarakimu nne ubavuni, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi yenye kashata na miaka kumi na tano hupasuka ikibeba mzigo. Kisha radieta na mabomba yake, waya, oili zote za injini, gia boksi na difu. Diski ya klachi huenda imeshikana na flaiwili, hiyo utajua ukiwasha.

Kwa bei, mpelekee hesabu ya tairi, breki na chasisi kwa maandishi. Mimi nisingepita 250,000.

jirani_wa_utawala

Nimebadili mawazo kiasi. Kama chasisi ni mahali pamoja tu na dada wa Nakuru amekubali, ichukue. Ila usisahau kuna ukaguzi wa kila mwaka wa gari la biashara pale Likoni Road, bima angalau ya mtu wa tatu, na ukipima gari tupu likazidi kilo 3,048 unahitaji kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Kodi ya awali ya KRA, mamlaka ya mapato, pia, inatozwa kwa tani.

mkulima_ruai

Tumekubaliana 260,000. Dada amekuja kutoka Nakuru, wametia sahihi wote wawili kwa wakili. Nimetoa amana, nyingine nitatoa cheti kikitoka. Wameniruhusu kuanza kuisafisha ikiwa palepale, na kijana mwenyewe alikuja na panga akakata nyasi. Akaniambia babake alikuwa akipeleka maziwa Dagoretti nayo, na kwamba ana furaha haiuzwi kama chuma chakavu.

Swali la mwisho: siku ya kuitoa Karen hadi Kariobangi, naweza kuivuta kwa kamba na trekta ya jirani?

fundi_kariobangi

Kwa kamba hapana, haina breki. Tafuta brekdauni, lori la kuokolea magari mabovu, na iwe ya kubeba, si ya kuvuta. Ikibidi ivutwe ikiwa imenyanyuliwa mbele, toa propela shafti kwanza, yaani ile fimbo ndefu inayopeleka nguvu ya gia boksi kwenye magurudumu ya nyuma, kwa sababu magurudumu ya nyuma yakizungusha gia boksi wakati injini imezima, oili haifiki juu na beringi zinaungua.

Lakini sikiliza hapa vizuri. Handbreki ya Canter haiko kwenye magurudumu, iko nyuma ya gia boksi na inashika propela shafti. Ukishaitoa hiyo shafti, handbreki hata uivute namna gani haishiki kitu. Kwa hiyo kabla mtu yeyote hajaingia chini na spana, weka magogo mbele na nyuma ya magurudumu yote, na yasitolewe hadi mnyororo wa brekdauni uwe umekaza. Nipigie ukishapata cheti, nitakuja mwenyewe.