Tupeane uzoefu: waliofunga kioo cha pili ndani ya dirisha la zamani (Tabora, Kigoma)

Zamu ya Usiku
Habari za jioni ndugu zangu. Naomba uzoefu wa waliowahi kuongeza kioo cha pili kwenye nyumba wanayoishi. Sizungumzii kung'oa dirisha. La zamani linabaki, fundi anafunga fremu nyingine na kioo chake kwa ndani.

Mimi ni muuguzi hapa Tabora. Nikiwa zamu ya usiku nalala mchana, na chumba changu kinatazama barabara ya vumbi. Ng'ambo ya barabara kuna mashine ya kusaga. Inawashwa saa mbili asubuhi, wakati ndio nimetoka kuoga nataka kulala. Mwenye mashine simlaumu, nami nasaga kwake. Dirisha ni alminiamu la kusukuma, kioo cha milimita 4. Tangu Juni mpaka mvua za Novemba vumbi linaingia hadi kwenye mto. Nimetundika mapazia mazito mawili. Giza nimelipata, kelele iko palepale. Kwa aliyefanya: kelele zilipungua kweli? Na hewa mnaipata wapi?

Mstaafu wa Reli
Binti yangu, pole kwa kazi. Mimi nakaa jirani na stesheni, na unajua Tabora ni njia panda, treni ya Kigoma na ya Mwanza zote zinaachana hapa. Honi ya usiku nimeizoea, ila mama watoto alikuwa akiamka na presha juu.

Tuliweka kioo cha pili chumbani kwetu, dirisha moja tu. Siku ya kwanza sikuona tofauti yoyote, nikajua nimetupa pesa. Usiku nikamwambia mjukuu asimame nje na tochi, mimi nikazima taa ndani. Mwanga ulipenya pembeni mwa fremu, chini ya fremu, na zaidi ya yote kwenye matundu ya hewa juu ya dirisha, yale ya tofali ambayo nyumba zetu karibu zote zinayo. Mahali mwanga unapita, sauti inapita. Tulijaza pembeni kwa silikoni, tukaweka raba mpya kwenye vioo vya zamani. Hapo ndipo tulipoona faida. Ningekuwa wewe ningeanza na raba na silikoni, nilale wiki moja, ndipo nimwite fundi wa kioo.

Zamu ya Usiku
Shikamoo mzee wangu, asante sana. Nimejaribu tochi sasa hivi. Matundu juu ya dirisha langu yako manane na yote yako wazi, yana wavu tu. Miaka yote nalilaumu dirisha!

Fundi Alminiamu Isevya
Dada muuguzi, usiyazibe yote, nitaeleza.

Kwanza nafasi kati ya vioo. Ukitaka kupunguza kelele, vioo viachane sentimita 10 au zaidi. Sentimita 2 zinasaidia kwa baridi, kwa kelele ni kidogo mno. Ukuta wa tofali la inchi 6 ukiwa na plasta unatosha iwapo dirisha lako limefungwa usawa wa nje. Kama limefungwa katikati ya ukuta, fremu ya ndani tunaitokeza kidogo kwa mbao. Grili ikiwa kwa ndani inakula nafasi, kwa hiyo nipime kabla sijakuahidi.

Pili, vioo visiwe vya unene mmoja. Cha nje ni 4, cha ndani weka 6. Vikilingana vinatetemeka pamoja kwenye sauti zilezile na kuzipitisha.

Tatu, cha ndani kiwe cha bawaba chenye raba pande zote nne, kikibana kama mlango wa friji. Cha kusukuma kina mwanya katikati kwa maumbile yake. Na cha bawaba unakifungua ukasafisha, maana vumbi litaingia katikati tu.

Hewa: pale juu tunatengeneza kisanduku cha mbao chenye kona mbili ndani, tunakitandika blanketi nene. Hewa inapinda na kupita, sauti inagonga kona na kufifia. Haikatiki yote, lakini utalala.

Mwanga Kigoma
Naongezea la mvua, maana huku ziwani inakuja na upepo na kupiga dirisha ubavuni. Fundi wangu aliziba kila kitu kwa silikoni, hata vile vitundu vidogo chini ya reli ya dirisha la nje. Vile ndivyo vinavyotoa maji. Masika ya kwanza maji yalijaa kwenye reli, yakafurika kwa ndani, yakakaa kati ya vioo viwili. Fremu ya ndani ilikuwa ya mbao, ikavimba, kioo kikakwama, na mbu wakazaliana humo humo. Nilizibua kwa msumari na kubadili mbao. Mweleze fundi kwa mdomo wako: vitundu vya maji asiviguse. Na wavu wa mbu ubaki nje, ili ukifungua vyote viwili uwe salama.

Jirani wa Baa
Kwangu kioo cha pili hakikusaidia kama nilivyotarajia. Sauti za watu na bodaboda zimepungua sana. Mdundo wa spika kubwa uko vilevile, nausikia kifuani. Nimekuja kuelewa kwamba besi inapita hata ukutani na kwenye bati. Anayesumbuliwa na muziki ajue hilo mapema.

Zamu ya Usiku
Pole ndugu. Mashine yangu ina vyote, mlio mkali na mngurumo. Huo mlio mkali ukipungua nitashukuru.

Mama wa Cheyo
Mimi nilifanya kwa ajili ya joto, dirisha linatazama magharibi, na Oktoba ya Tabora mnaijua. Jua linapita vioo viwili kama lilivyopita kimoja. Nikabandika karatasi nyeusi ya tinti kwenye kioo cha ndani, kikapasuka kuanzia kona mchana mmoja, joto lilikuwa limefungiwa. Kilichonisaidia ni kivuli cha nje: nimeezeka kibaraza upande ule. Kwa vumbi lakini nasifu, kabati silifuti tena kila siku.

Kasulu Juu
Tafadhali msome hili. Huku kwetu Juni na Julai kuna baridi, watu wanaingiza jiko la mkaa ndani. Nyumba yenye matundu iliwasamehe. Ukishaziba dirisha, jiko la mkaa lisiingie chumbani hata liwe limewaka jekundu bila moshi. Hewa yake ya sumu haina harufu, unasinzia huamki. Tulikaribia kumpoteza mdogo wangu hivyo. Alikutwa amelegea, akatolewa nje haraka.

Zamu ya Usiku
Asante kwa kusema, wodini tunawapokea, na si wote tunaowahi. Chumbani kwangu jiko haliingii.

Nimeamua: raba na silikoni wiki hii, matundu sita nayaziba, mawili yanabaki kwa ajili ya kile kisanduku. Fundi wa Isevya, naomba uje kupima Jumamosi baada ya saa kumi. Kabla ya hapo nitakuwa nimelala, au najaribu.