Mjadala: Kampuni za uhandisi Dar zifiche majina kwenye CV za waombaji?

Mchora Ramani (Ubungo)
Wadau, hoja ni hii: kampuni za ujenzi na uhandisi hapa Dar zisome CV bila majina, ili mwanamke au mtu wa asili fulani asikatwe kabla hajaitwa kwenye usaili. Naunga mkono. Mwaka 2012 huko Marekani, walimu 127 wa sayansi vyuoni walipewa CV ileile ya mwombaji wa kazi ya umeneja wa maabara. Wengine imeandikwa John, wengine Jennifer. John alipangiwa wastani wa dola 30,238 kwa mwaka, Jennifer 26,508. Na walimu wanawake walimshusha Jennifer kama wenzao wanaume. Kuhusu rangi, utafiti wa 2004 ulituma CV karibu 5,000 Boston na Chicago: zenye majina ya Kizungu ziliitwa kwa asilimia 50 zaidi ya zenye majina ya watu weusi.

Afisa Ajira (Kariakoo)
Mkuu, wengi wanaojaribu wanafuta jina halafu wanaacha "Jangwani Sekondari". Nani Dar hajui kuwa hiyo ni shule ya wasichana? Zanaki na Kisutu vilevile. Ukiamua kuficha, toa jina, picha, umri, ndoa, dini, shule za sekondari na barua pepe, maana jina limo humo humo. Badilisha pia jina la faili, linasahaulika kila mara. Miaka ya ajira igeuze kuwa jumla: "miaka 6 kazini, 4 saiti". Ukiacha tarehe, pengo la uzazi linaonekana na msomaji anaanza kupiga ramli. Kila mwombaji apewe namba, na orodha ya namba na majina ishikwe na mtu mmoja asiyekaa kwenye jopo. Wadhamini wasomwe mwishoni.

Bi. Mizani
Mimi napinga, na si kwa kutopenda wanawake wenzangu. Australia walijaribu kwenye utumishi wa umma, matokeo yakatoka 2017: majina yalipoonekana, wanawake walichaguliwa kwa asilimia 2.9 zaidi. Yaani kuficha kuliwapunguzia nafasi, kwa sababu wasomaji walikuwa tayari wanataka kuwainua. Hapa kwetu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa jinsia, rangi, kabila, ujauzito na mengineyo, hata kwenye matangazo na vigezo vya kuajiri, lakini inaruhusu hatua za makusudi za kuleta usawa. Utazichukuaje hatua hizo kwa mtu usiyemjua ni nani? Halafu tuambiane ukweli: kazi ngapi za saiti mjini hapa zinapatikana kwa CV? Simu imeshapigwa, CV inaletwa baadaye kujaza faili.

Mchora Ramani
Hilo la simu nalikubali. La Australia, hao tayari walikuwa na nia njema. Tuna uhakika gani na nia ya kila mkandarasi wa hapa?

Zege M25
Mnagombana getini wakati mchujo wenyewe uko ndani. Mhandisi mhitimu anayetaka Bodi ya Usajili wa Wahandisi imtambue kama mhandisi mtaalamu anahitaji si chini ya miaka 3 ya kazi inayosimamiwa na kuandikwa. Sasa tazama saiti. Mvulana anapewa koni ya slampu (ya kupima ulaini wa zege bichi) ya milimita 300, anajaza tabaka 3, kila tabaka anashindilia mara 25, anaandika matokeo na kusaini. Anachukua kyubu, yaani vipande vya zege vya kupima nguvu, za milimita 150, anaenda kuzishuhudia zikivunjwa siku ya 7 na ya 28. Binti aliyeanza naye siku moja anaandika kumbukumbu za vikao na kufuatilia vibali. Kuna miradi ambayo mgeni anachora na mwenyeji anahesabu vibarua, na mwanamke mwenyeji anapigwa pande zote mbili. Miaka mitatu ikiisha, kitabu chake cha kumbukumbu za kazi hakina kitu cha kuonyesha, na jopo linasema "hana uzoefu". Hakuna aliyemtukana.

Dawa ni jedwali la mgao: kazi kwenye safu, majina kwenye mistari, likaguliwe kila mwezi na msimamizi asaini. Na kwenye kisanduku cha mchoro, "imechorwa na" na "imekaguliwa na" ziandikwe majina ya waliofanya kweli. Jina la Katherine Johnson, mwanahisabati mweusi wa NASA, lilipowekwa kwenye ripoti ya 1960 pamoja na la Ted Skopinski, hakuna mwanamke wa kitengo chao aliyekuwa amewahi kutajwa kama mwandishi wa ripoti. Hapo jina lilitakiwa lionekane!

Bi. Mizani
Jedwali nalipenda, kwa sababu ni ushahidi. Mfanyakazi akionyesha kwa kuanzia tu dalili za ubaguzi, mwajiri ndiye anabeba mzigo wa kuthibitisha kuwa haukuwepo. Ila akumbuke Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inataka mgogoro usiohusu kuachishwa kazi ufikishwe ndani ya siku 60.

Mchora Ramani
Na kampuni yenye watu wanane, ambako bosi ndiye anayeajiri, anayegawa kazi na anayesaini?

Afisa Ajira
Hapo kuficha majina ni kazi bure. Mpe kila mwombaji mchoro mmoja wa boriti wenye makosa matatu uliyoyapanda, mathalani nafasi ya ringi (vyuma vinavyozungushiwa nondo), urefu wa kupishanisha nondo na unene wa zege la kufunika nondo. Dakika 40. Alama ziwe zimeandikwa kabla ya mtu wa kwanza kuingia. Kama mko wawili mnaosahihisha, kila mmoja aandike zake kabla hamjaongea, na bosi aseme mwisho, maana akitangulia yeye wa pili atamfuata tu.