Msaada: seva ya nyumbani yenye Debian inasumbua kila umeme unapokatika

Mleta mada
Wanajukwaa, habari za wakati huu. Nina kompyuta mpakato ya zamani niliyoiwekea Debian 12 (mfumo endeshi wa Linux) ili itunze picha na nyaraka za familia, na kila mmoja hapa nyumbani huzifikia kwa simu yake. Picha zimo kwenye diski ya nje, ile kubwa yenye adapta yake ya umeme, na ruta yetu hutumia laini ya simu. Umeme ukikatika na kurudi, simu haziioni tena seva kwa kuwa anwani yake imebadilika, na nikiizima na kuiwasha, mara nyingine huishia kwenye maandishi meupe yanayosema kwamba iko katika hali ya dharura. Ningependa pia kuzifikia picha nikiwa safarini. Nianzie wapi? Naomba kuwasilisha.

FundiWaya
Mkuu, betri ya kompyuta yako inailinda kompyuta peke yake. Diski na ruta huzimika palepale, na diski huenda ikakatwa katikati ya kuandika. Kwanza iondoe diski kwenye mfumo kwa umount, kisha uikague kwa fsck. Baada ya hapo fungua /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kupachikwa (kuunganishwa na folda) mfumo unapowaka. Nahisi umeandika jina kama /dev/sdb1, na majina hayo hugawiwa kadiri diski zinavyoonekana, hivyo diski ileile yaweza kuwa sdb leo na sda kesho. Mfumo huisubiri kwa sekunde 90, na ukiikosa ndipo unapoingia hali ya dharura. Tafuta UUID, yaani namba ya utambulisho isiyobadilika ya diski, kwa lsblk -f, kisha uandike hivi:

UUID=(namba yako) /mnt/picha ext4 defaults,nofail,x-systemd.device-timeout=10s 0 2

Anwani nayo irekebishe kwenye ruta, si kwenye kompyuta: tafuta sehemu ya DHCP (inayogawa anwani), uitengee MAC ya seva, yaani namba ya kadi yake ya mtandao, anwani moja ya kudumu.

DadaSeva
Naunga mkono, ila nofail, inayouruhusu mfumo kuwaka hata diski ikikosekana, ina mtego ambao wengi hawauoni. Diski isipopachikwa, folda /mnt/picha bado ipo, tupu, ndani ya diski ya kompyuta yenyewe. Simu zitaendelea kupeleka picha humo bila kulalamika hadi nafasi iishe, na siku diski ya nje ikirudi, picha hizo zitafunikwa na utadhani zimepotea. Wakati diski haijapachikwa, endesha sudo chattr +i /mnt/picha, ili folda hiyo tupu ikatae kuandikwa chochote. Na kama una skripti ya nakala rudufu, ianze na mountpoint -q /mnt/picha (inayothibitisha kwamba diski imepachikwa) kabla ya rsync, programu ya kunakili, hasa ikiwa unatumia --delete, inayofuta kwenye nakala kisichokuwepo kwenye chanzo: chanzo kikiwa tupu, nakala nayo itafutwa.

MzeeItifaki
Kuhusu safarini, angalia kwanza anwani ambayo ruta imepewa na kampuni ya simu. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, unashiriki anwani ya nje na wateja wengine, na kufungua milango (port) kwenye ruta hakutakusaidia kitu. Kodi seva ndogo yenye anwani yake ya wazi, kisha seva ya nyumbani na simu yako zote ziipigie kwa WireGuard (VPN, njia ya siri ndani ya intaneti); upande wa nyumbani weka PersistentKeepalive = 25 ili njia isifungwe. Kwenye hiyo seva ya kukodi, ingia SSH (njia ya kuiendesha seva ukiwa mbali) kwa ufunguo na uweke PasswordAuthentication no ili nywila zisikubaliwe, lakini usifunge dirisha ulilomo kabla ya kuhakikisha kwamba dirisha la pili linaingia.

Mleta mada
Nawashukuru sana. Kweli fstab ilikuwa na /dev/sdb1, na anwani ya ruta inaanza na 100.72. Je, ninunue UPS (betri ya akiba ya umeme)?

FundiWaya
Ndogo inatosha, kwa ruta na diski tu. Kompyuta iache na betri yake. Bajeti ikibana, hamishia picha kwenye diski ndogo ya inchi 2.5 inayokula umeme wa USB, kwa kuwa hiyo itabaki hai pamoja na kompyuta. Ila chunguza kwanza kama betri ya mpakato huo wa zamani bado inakaa na chaji: upower -d itakuonyesha, kwenye mstari wa capacity.