Ushauri: Chasisi ya kurekebishika kwa gari dogo la rimoti la Tamiya TT-02, nichukue seti nzima au nianze na mikono ya juu?

Neema_wa_Tabata
Wakuu, habari za jioni. Nina Tamiya TT-02 niliyoifunga mwenyewe kutoka kwenye boksi. Mota ni ile ile ya boksini, saizi 540, bushi za plastiki nimeshatoa nikaweka beringi, shokapu bado ni zile kavu zisizo na mafuta. Naendeshea kwenye maegesho ya lami, na pembeni yake kuna pevingi.

Gari limeanza kunisumbua kwenye kona. Muuzaji mmoja wa mtandaoni ana seti nzima ya kurekebishika: sahani ya chini ya alumini, mikono ya juu na ya chini ya alumini inayoshika magurudumu, tairodi (fimbo zinazoelekeza tairi) za kurekebisha kwa kuzungusha, na anasema hata wilibesi, yaani umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, inabadilika. Bei yake inakaribia TT-02 nyingine mpya, bado usafiri na ushuru. Pesa ninayo, lakini sitaki kuitupa. Mlioko kwenye mchezo huu mnishauri, nichukue yote au kuna pa kuanzia?

Kona_Kali
Dada, chukua seti. TT-02 ilitoka 2013 kama gari la kuanzia na imefungwafungwa kila mahali: mkono wa juu ni kipande kimoja cha plastiki, urefu wake ni ule ule siku zote. Huwezi kuinamisha tairi hata digrii moja. Utajifunzaje gari ambalo halikuruhusu kugusa kitu? Mimi nilipopata gari la kurekebishika ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini linafanya linavyofanya.

Mzee_wa_Spana
Kabla ya kununua chochote, jibu mambo mawili. Kona zote zinakusumbua sawasawa, au upande mmoja ni tofauti na mwingine? Na tairi za mbele zimelika wapi: ndani, katikati au nje?

Neema_wa_Tabata
Mzee, nimetoka kuzitazama sasa hivi. Za mbele zimelika ukingo wa nje, ukingo wa ndani bado mpya kabisa. Kona za kushoto nyuma inachomoka ghafla. Za kulia kinyume chake, gari linasukuma pua nje, nakunja usukani hadi mwisho na bado linaenda mbele.

Mzee_wa_Spana
Asante, hayo ni magonjwa mawili, na moja tu ndilo linatibiwa na vitu vya kurekebisha.

Nianze na la kulia na kushoto. Gari linalotofautiana hivyo halina shida ya aina ya chasisi, limekaa upande. Uzito haugawanyiki sawa kwenye magurudumu manne, kama meza yenye mguu mmoja mrefu. Ukiweka sahani ya alumini juu ya tatizo hilo, litahamia nalo kwenye alumini.

Fanya hivi leo. Tafuta kioo kizima au tailsi iliyonyooka, iweke mezani. Weka gari juu yake likiwa na betri ndani, libonyeze chini mara kadhaa uliachie litulie. Chukua ncha ya kisu, ipitishe katikati kabisa ya bampa ya mbele, unyanyue polepole sana huku macho yako yakiwa usawa wa meza. Tairi mbili za mbele zinatakiwa kuachana na kioo kwa pamoja. Ikitangulia moja, gari limekaa upande. Rudia kwa nyuma. Bahati nzuri ya TT-02 ni kwamba betri iko upande mmoja, na spidi kontrola (inayoongoza mota) na risiva (inayopokea mawimbi ya rimoti) upande wa pili. Ukikuta tofauti ndogo, unaweza kusogeza vitu au kuongeza kipande cha madini ya risasi upande mwepesi.

La pili, tairi kulika nje. Hapo Kona_Kali yuko sahihi. Gari likilala kwenye kona, tairi ya nje inabeba mzigo kwa ukingo wake wa nje. Ukiinamisha kichwa cha tairi kidogo kwa ndani, gari likilala tairi inakaa bapa na kushika barabara kwa upana wake wote. Kwa hilo unahitaji mikono ya juu yenye uzi pande mbili, basi. Uzi wa upande mmoja ni wa kulia na wa pili ni wa kushoto, kwa hiyo unazungusha kwa spana ndogo gari likiwa limefungwa vile vile, mkono unafupika au kurefuka bila kuchomoa kitu.

Kona_Kali
Mzee, nakubali kuhusu kioo. Lakini akianza na mikono ya juu, mwezi ujao atataka tairodi, halafu mikono ya chini, na kila mzigo unalipiwa usafiri wake. Akichukua seti kwa mpigo mmoja gharama inashuka.

Pwani_RC
Nipo Mombasa, niwaambie kuhusu mchanga. Beseni la plastiki la TT-02, yaani chasisi yenyewe, lina kuta. Giaboksi za mbele na nyuma zimefunikwa, na propela shafti inayopeleka nguvu mbele na nyuma inapita katikati chini ya kifuniko. Ukihamia kwenye sahani bapa, vyote hivyo vinabaki wazi na mchanga unaingia kila kona. Sahani za aina hiyo ni za watu wanaokimbiza ndani ya ukumbi kwenye zulia, gari likiwa milimita tano tu kutoka chini. Dada anacheza maegesho yenye pevingi. Pevingi kwa milimita tano! Sahani itakwaruza kila tofali.

Msafiri_Muscat
Salaam kutoka Muscat. Hapa tunaendesha usiku sababu ya joto, kwenye lami, na kingo za barabara ni za zege. Nataka kuongeza kuhusu mikono ya chini ya alumini, maana wengi wanavutiwa na rangi yake ya buluu.

Mkono wa plastiki ukigonga ukingo unajikunja na kurudi. Ukiwa na bahati mbaya unavunjika, na mkono wa plastiki ni bei ya chai na sambusa. Alumini haijikunji, nguvu yote ya kugonga inapita moja kwa moja hadi kwenye nyumba ya giaboksi, ambayo bado ni plastiki. Utakuta mkono mzima na tundu la skrubu limepasuka. Hapo unabadilisha nyumba nzima ya gia. Alumini pia ni nzito kuliko plastiki, na uzito huo uko karibu na magurudumu, mahali pabaya kabisa kwa shokapu kuutuliza.

Kama kweli mtu anataka TT-02 inayorekebishika kuanzia mwanzo, Tamiya wenyewe walishatoa TT-02 Type-S. Beseni ni lile lile, lakini mikono ni ya aina nyingine, ya juu inarekebishika, na shokapu ni za mafuta. Kwa bei ya hiyo seti ningefikiria njia hiyo.

Nairobi_Mini
Naongezea kuhusu wilibesi, sijaona ikijibiwa. Mimi nacheza M-05, gari la Tamiya dogo zaidi, na hapo kubadilisha wilibesi kuna maana: milimita 210, 225 au 239, kwa sababu bodi za magari madogo zinatofautiana urefu na lazima tairi ziingie katikati ya matao. Ukiirefusha, gari linatulia kwenye nyoofu. Ukiifupisha, linageuka upesi. Kwa TT-02, bodi nyingi za ukubwa wake zimetengenezwa kwa 257. Ukisogeza ekseli, tairi itagusa tao la bodi. Dada, kama una bodi moja tu ya 257, hicho ni kitu unalipia bila kukitumia.

Neema_wa_Tabata
Nimefanya ya kioo. Tairi ya mbele kulia inanyanyuka kwanza, ya kushoto inabaki chini na kuchelewa sana, naona hadi upana wa kucha. Sasa hii inatokana na nini?

Mzee_wa_Spana
Tazama nyuma kulia. Ukinyanyua katikati ya pua, gari limebebwa na shokapu mbili za nyuma. Kama mbele kushoto inabaki chini, maana yake kuna kitu kinasukuma upande wa kulia juu. Chomoa shokapu ya nyuma kulia, ibonyeze kwa kidole, ulinganishe na ya kushoto.

Na hii inalingana na ulichoeleza. Nyuma kulia na mbele kushoto zimebeba zaidi. Kwenye kona ya kushoto, tairi ya nyuma ya nje ndiyo hiyo hiyo ya kulia, inazidiwa na kuachia. Kwenye kona ya kulia, anayezidiwa ni mbele kushoto, ndiyo maana pua inatoka nje.

Neema_wa_Tabata
Mzee, Mungu akubariki. Shokapu ya nyuma kulia imejaa vumbi la pevingi, fimbo yake inakwama. Ukiibonyeza inaingia nusu tu. Nimeisafisha, nimeirudisha, na kwenye kioo tairi zote mbili zinanyanyuka pamoja. Nimetoka kuliendesha, kushoto na kulia sasa ni sawa. Bado linasukuma pua kidogo, lakini kote kote.

Nimeamua: shokapu za mafuta za Tamiya ziitwazo CVA, mikono ya juu ya kurekebisha na tairodi za aina hiyo. Beseni na mikono ya chini vinabaki vya plastiki. Naomba nipewe pa kuanzia vitakapofika.

Kona_Kali
Hongera dada. Mimi bado naamini utaitaka seti siku ukipata ukumbi wa zulia, lakini kwa hayo maegesho Pwani na Msafiri wamenishawishi.

Mzee_wa_Spana
Anza na tairi zote nne kuinama digrii moja na nusu kwa ndani. Kuna kipimo kidogo cha plastiki cha kuegesha kwenye tairi, agiza pamoja na mzigo. Macho hayatoshi kwa nusu digrii. Tairodi zifunge tairi za mbele zikitazama mbele kabisa. Baadaye, ukitaka gari liingie kona haraka, zifungue kidogo sana zitazame nje. Za nyuma zisitazame nje kamwe, litakuwa linazunguka kama pia. Mafuta ya shokapu anza na yaliyomo kwenye boksi. Gari likirukaruka kwenye pevingi hata kwa mafuta hayo, weka mepesi zaidi. Likiyumba kama boti kwenye lami, weka mazito.

Badilisha kitu kimoja, endesha betri nzima, tazama tairi zimelika wapi, ndipo uguse kingine. Ukigusa vitatu kwa mpigo hutajua kipi kilisaidia.

Neema_wa_Tabata
Nimenakili yote kwenye daftari. Naagiza Ijumaa. Aliyeko Dar anayehitaji vipuri vya TT-02 tuunganishe mzigo tugawane usafiri, aniandikie kabla ya Alhamisi jioni.