Tupeane uzoefu: samaki gani wamekaa pamoja kwa amani katika tangi lako dogo?

Ndugu zangu wafugaji wa samaki wa mapambo, naomba sisi wenye matangi yasiyozidi lita 100 tuelezane ni samaki gani walipatana na ni wapi tulikosea. Naanza na yaliyonikuta.

Tangi langu la kwanza lilikuwa la lita 60, na dukani nilichagua kwa macho tu: mbuna wawili wa Ziwa Nyasa, wa manjano wenye michirizi myeusi, pamoja na neoni tetra wanane. Siku ya tatu asubuhi nilimkuta neoni mmoja amejibanza nyuma ya kichujio, mkia umeliwa hadi kwenye shina, na wiki haikuisha kabla hawajabaki watatu. Iliniuma sana, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Neoni wana asili ya mito ya Amazoni, ambako maji ni laini (yenye madini machache) na yenye asidi kidogo, ilhali mbuna wamezoea maji magumu (yenye madini mengi) na pH, yaani kipimo cha asidi, inayozidi 7.5, tena dume la mbuna hulinda mawe yake kwa ukali kiasi kwamba tangi dogo halimwachii mwenzake pa kukimbilia.

Mbuna niliwapeleka kwa rafiki mwenye tangi kubwa. Sasa nafuga samaki wa aina moja tu, wale wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya magamba matupu ya konokono, ambao dume lake halizidi sentimita 5. Hufukua mchanga kuzunguka magamba yao, na nikisogeza uso kwenye kioo huona vifaranga wamejipanga kwenye mdomo wa gamba, tayari kurudi ndani. Sijatamani kuwaongezea mwenzao.

Mchangiaji wa pili, Dar es Salaam:
Ahsante kwa kufungua mada. Mimi natumia maji ya kisima yenye chumvichumvi, hivyo niliamua kuwafuata samaki wanaoyapenda maji hayo badala ya kuhangaika kuyabadilisha, nikachagua gapi. Kosa langu lilikuwa kumtia humo dume la beta, samaki mpiganaji, ambaye aliwashambulia madume ya gapi kwa sababu mikia yao mipana yenye rangi ilimfanya awaone kama mahasimu wake. Majike hakuwagusa. Beta sasa ana tangi lake.

Mchangiaji wa tatu, Arusha:
Kwangu ni samaki wa dhahabu, niliyemnunua akiwa na urefu wa kidole gumba na kumchanganya na gapi. Huku kwetu baridi inamfaa yeye kuliko gapi, na kadiri alivyokua ndivyo maji yalivyochafuka upesi na vifaranga vya gapi vilivyozidi kupungua, hadi jioni moja nilipomwona akimmeza kimoja mbele yangu. Je, kuna aliyewahi kumfuga na konokono wakapatana?